Aliye Juu Mngoje Chini: Na Akishashuka?

(Hotuba kwa wastaafu wa utumishi wa umma na vijana wa klabu ya midahalo, Tanga)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni, kina mama na vijana wetu, hamjambo.

Ndugu Mwenyekiti aliponipigia simu kunialika, aliniomba nizungumze jambo lolote nililoliona Ulaya linaloweza kuwafaa wastaafu. Nikamwambia nitazungumza juu ya mawaziri wa Uingereza waliopoteza vyeo, na kazi walizokwenda kuzifanya baadaye. Akauliza, "Hao nao ni wastaafu?" Ni wastaafu, tena wa aina ngumu kuliko sisi. Sisi tarehe yetu tuliijua. Tulipewa barua, tukaagwa kwa soda na biskuti, tukaanza kufuatilia mafao. Waziri wa kule anaweza kwenda kulala ana gari, dereva na walinzi, akaamka hana hata kitambulisho cha kuingilia ofisini kwake.

Waswahili tunasema aliye juu mngoje chini. Methali hii tunaipenda, na mara nyingi tunaisema kwa kubetua midomo. Tunamngoja kweli. Lakini sijapata kumsikia mtu akisonga mbele kidogo na kuuliza: amekwishashuka, sasa iweje? Amefika chini, tumemcheka, tumechoka kumcheka, na bado Mungu amemwekea miaka ishirini au thelathini ya kuishi. Ataishije? Swali hilo lilinikaa kichwani miaka kumi na minne niliyoishi mashariki ya London, nikiwa mkalimani wa Kiswahili mahospitalini na mahakamani, na ndilo nililowaletea leo.

Nilifika mwanzoni mwa mwaka 1997. Tarehe 1 Mei mwaka ule walipiga kura. Nilikuwa nimepanga chumba na Wakongo wawili, tukakesha mbele ya televisheni ndogo. Kule matokeo ya jimbo hutangazwa hadharani, usiku uleule, ukumbini. Wagombea wote hupandishwa jukwaani, wakasimama safu moja, waziri bega kwa bega na kijana asiyejulikana, kila mmoja na ua la rangi ya chama kifuani. Msimamizi wa uchaguzi husoma jina na kura, jina na kura. Hakuna pa kujificha. Yeyote anayeshindwa hushindwa huku taifa zima likimwangalia usoni.

Saa tisa za usiku zilipita, ikaja zamu ya jimbo la Enfield Southgate, kaskazini mwa London. Mbunge wake alikuwa Michael Portillo, Waziri wa Ulinzi, mtu aliyetajwa na wengi kuwa ndiye kiongozi ajaye wa chama cha Conservative. Uchaguzi uliotangulia alishinda kwa kura 15,563 zaidi ya mpinzani wake. Safari hii aliangushwa kwa kura 1,433 na Stephen Twigg, kijana wa miaka 30, ambaye hata yeye uso wake ulionyesha kwamba hakutegemea. Mimi nilikuwa namwangalia Portillo. Hakukunja uso wala hakushuka jukwaani kwa hasira. Alisimama wima akampongeza aliyemshinda, na chumbani kwetu mmoja wa wale Wakongo akasema polepole, "Huyu mtu analala wapi leo?" Hakuuliza kwa kejeli. Kwao alikotoka, wakati ule ule wa mwezi wa Mei, serikali ilikuwa inaondoka kwa bunduki, na waziri aliyeanguka hakuwa na uhakika wa kuona jua.

Waingereza mpaka leo huulizana kama ulikuwa macho Portillo alipoanguka. Ni furaha ya kumngoja mtu chini, ileile tunayoijua sisi.

Asubuhi yake Waziri Mkuu John Major alitoka mbele ya mlango wa Downing Street, akahutubia kwa dakika chache, akasema jukwaa likifungwa pazia mchezaji ashuke, na kwamba anatarajia kuwahi uwanja wa kriketi wa Oval na familia yake. Na kweli alikwenda. Jana yake alikuwa na mamlaka juu ya makombora ya nyuklia; alasiri ile alikuwa mtazamaji wa kriketi kama watazamaji wengine. Sisi Mwalimu alitufundisha neno kung'atuka, akalitimiza mwaka 1985. Wao neno kama hilo hawana, ila wana gari la kuhamishia mizigo linalosimama nyuma ya nyumba kabla umati haujatawanyika.

Sasa huyo Portillo. Alirudi bungeni mwaka 1999, akagombea uongozi wa chama 2001, akakosa duru ya mwisho kwa kura 1. Moja tu. Mwaka 2005 akaiacha siasa kabisa. Kisha mwaka 2010 watu wakawasha televisheni wakamwona Waziri wa Ulinzi wa zamani ameshuka kwenye treni ya mkoani, kavaa koti la rangi ya waridi na suruali inayowaka kama embe bivu, mkononi kashika mwongozo wa reli wa Bradshaw wa karne ya 19, anamuuliza fundi wa stesheni taa za ishara zinavyofanya kazi. Kipindi hicho kimemzungusha Uingereza yote, kisha Ulaya, kisha mabara mengine. Kuna vijana wa huko wanaomjua kama mzee wa treni tu, hawana habari kwamba aliwahi kuongoza majeshi.

Mtu atasema ni bahati ya televisheni. Mimi nasema angalia nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Portillo alikuwa waziri mdogo wa uchukuzi, na shirika la reli lilitaka kuifunga njia ya Settle hadi Carlisle, kilomita kama 116 milimani kaskazini, kwa sababu ukarabati wa daraja la Ribblehead lenye matao 24 ulionekana ghali. Wananchi walipinga kwa miaka. Mwaka 1989 serikali ikaamua njia ibaki, na waziri aliyehusika alikuwa yeye. Amesema zaidi ya mara moja kwamba katika yote aliyoyafanya serikalini, hilo ndilo analojivunia kuliko mengine. Hebu fikirini: Waziri wa Ulinzi anajivunia reli. Watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa, tunajua stesheni ikinyamaza mji unavyopoa. Kwa hiyo Portillo alipopanda treni na lile koti lake, hakuwa mtu aliyeokota kazi njiani. Alirudi kwenye kitu alichokipenda wakati cheo kilipokuwa kinampeleka kwingine. Nimewaangalia wengi, na nimeona kwamba walioshuka vizuri ni wale waliokuwa na kitu cha namna hiyo ndani yao kabla hawajashuka.

Niwape na jambo dogo la ajabu kabla sijaendelea. Mbunge wa Uingereza haruhusiwi kujiuzulu. Ni utaratibu wa tangu karne ya 17. Akitaka kuondoka katikati ya muhula, huomba ateuliwe kuwa mtunzaji wa Chiltern Hundreds, cheo cha kale cha ardhi ya mfalme kisicho na kazi wala mshahara wa maana, na kwa kuwa mwenye cheo cha kifalme cha namna hiyo hawezi kuwa mbunge, kiti chake kinakuwa wazi. Yaani kila anayeondoka kwa hiari anapewa kwanza ajira hewa. Kazi ya kwanza baada ya siasa ni kazi ambayo haipo.

Ed Balls ni wa aina nyingine. Mwaka 2015 alikuwa ndiye anayesubiri kuwa Waziri wa Fedha endapo chama cha Labour kingeshinda. Akaangushwa jimboni kwake kwa kura 422. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 49, aliingia kwenye mashindano ya dansi ya BBC. Wakati huo nilikuwa nimekwisharudi nyumbani. Mwanangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu. Bwana mzito, kavaa miwani myeusi, anacheza Gangnam Style kama farasi, jasho linamtoka, na anahesabu hatua kwa midomo. Nililiona lile la midomo. Mtu aliyewahi kuhesabu bajeti ya taifa anahesabu moja, mbili, tatu ili asimkanyage mwalimu wake wa dansi.

Wengi waliona ameshuka hadhi. Mimi nilikumbuka jambo jingine. Ed Balls ana kigugumizi. Desemba 2012 alisimama bungeni kujibu taarifa ya uchumi ya serikali, maneno yakamkwama, na wabunge wa upande wa pili wakamzomea kwa vicheko. Baadaye alieleza wazi kwamba kilikuwa ni kigugumizi, na tangu hapo amekuwa akiwasemea watoto wenye hali kama yake. Mtu aliyechekwa na bunge zima akiwa amevaa suti, akaenda mwenyewe kuchekwa na nchi nzima akiwa amevaa nguo za dansi, akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka wiki ya kumi. Leo ni mtangazaji wa televisheni wa asubuhi, kazi ya kusema moja kwa moja bila karatasi. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye kigugumizi hapa hapa Tanga, nikamwonyesha. Sitaki kusema alipona. Aliomba aione tena.

Wazee wangu, si wote walioshuka hivyo. Wako waliotoka na kitu kingine kabisa mfukoni, nacho ni daftari la simu.

Nilipokuwa mkalimani nilijifunza kupima watu kwa swali moja: huyu anauza jasho, au anauza anaowafahamu? David Cameron alikuwa Waziri Mkuu miaka sita, akaondoka Julai 2016. Miaka miwili baadaye akawa mshauri wa kampuni ya fedha ya Greensill. Mwaka 2020, dunia imefungwa kwa sababu ya korona, aliwaandikia ujumbe wa simu mawaziri na wakubwa wa Hazina, tena na tena, akiiombea kampuni ile iingizwe kwenye mpango wa fedha za dharura. Hawakuikubalia. Machi 2021 kampuni ikafilisika, na kamati ya bunge ikasema alikosa busara kwa kiasi kikubwa. Hakuvunja sheria. Hilo ndilo lililonisumbua. Kwa miaka mingi kulikuwa na kamati, iliyoundwa 1975, ya kuwashauri mawaziri wa zamani juu ya ajira mpya ndani ya miaka miwili baada ya kutoka. Ilishauri, ikaandika barua, na haikuwa na uwezo wa kumzuia mtu wala kumtoza faini. Mbwa anabweka, mkia anautikisa.

Nick Clegg, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu, alipoteza kiti mwaka 2017, na mwaka uliofuata akaenda California kuisemea Facebook mbele ya serikali za dunia, akaendelea na kazi hiyo mpaka 2025. Sijui ndani ya moyo wake. Najua tu kwamba kampuni ile ilikuwa na wahandisi wa kutosha. Walichokosa ni mtu aliyewahi kukaa upande ule wa meza.

Na kwa kuwa tupo wastaafu hapa, niwatajie mafao. Waziri Mkuu wa zamani wa Uingereza anaweza kudai hadi pauni 115,000 kwa mwaka kwa ajili ya ofisi na shughuli zake za hadharani. Liz Truss alikaa madarakani siku 49, na utaratibu huo unamhusu kama unavyomhusu aliyekaa miaka kumi. Nasikia minong'ono huko nyuma. Ni haki yenu kunong'ona.

Lakini simu yenyewe si haramu. Rory Stewart alikuwa waziri wa misaada ya kimataifa. Chama kilipomfukuza na siasa zikamshinda, mwaka 2022 akaongoza GiveDirectly, shirika linalotuma fedha taslimu moja kwa moja kwa kaya maskini. Jirani zetu wa Siaya kule Kenya wanalijua vizuri, fedha zinaingia kwa M-Pesa na hakuna semina. David Miliband, Waziri wa Mambo ya Nje aliyeshindwa uongozi wa chama na mdogo wake wa tumbo moja, tangu 2013 yuko New York anaongoza shirika la wakimbizi la IRC, ambalo wafanyakazi wake wamekuwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Majina yaleyale kwenye simu, ila anayeombewa ni mwingine.

Sasa tuje kwetu, maana baadhi ya hawa wastaafu walipitia mlangoni kwetu.

Alan Lennox-Boyd alikuwa Waziri wa Makoloni tangu 1954 hadi 1959. Hiyo ni miaka ya hali ya hatari Kenya, miaka ya kambi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Maji! Waziri hakuondolewa. Aliondoka kwa wakati wake mwaka uleule, akapewa utukufu wa kuitwa Lord, akawa mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya bia ya Guinness, mali ya ukoo wa mkewe, mpaka 1967. Katika kipindi chake Guinness ilijenga kiwanda chake cha kwanza Afrika, Ikeja, Nigeria. Kutoka makoloni kwenda kwenye bia, bila hata siku moja ya kusimama kizimbani kueleza. Nikisikia watu wanacheka mawaziri wanaocheza dansi, huwa natamani wangalimcheka na huyu.

Malcolm MacDonald alikuwa tofauti naye kama mchana na usiku. Baba yake, Ramsay MacDonald, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Labour. Malcolm mwenyewe aliwahi kuwa Waziri wa Makoloni kabla hajafika miaka arobaini, kisha mwaka 1941 wakamtuma Kanada, na siasa za uwaziri zikaishia hapo. Wanasiasa wengi huhesabu kupelekwa mbali hivyo kama kuzikwa. Yeye akaanza kuishi. Alikaa Malaya na Singapuri, akakaa India. Delhi alikuwa akiamka alfajiri kuwaangalia ndege wa bustani yake, nani kajenga kiota wapi, nani kataga mangapi, na akaandika kitabu juu yao. Alikusanya vyombo vya kauri vya Kichina. Alikuwa maarufu kwa kutembea kwa mikono, miguu juu, mbele za wageni.

Januari 1963, akiwa na miaka 61, alifika Nairobi kuwa Gavana. Aliyemtangulia, Renison, ndiye aliyemwita Jomo Kenyatta kiongozi wa giza na mauti. MacDonald akakaa, akasikiliza, akaona kwamba kuchelewesha ni hatari kuliko kuharakisha, akaisukuma London isogeze tarehe. Juni 1 ikaja Madaraka, Desemba 12 ikaja Uhuru. Kisha likafuata jambo linalonigusa zaidi: hakwenda zake. Alibaki kama Gavana Mkuu kwa mwaka mmoja chini ya serikali ya Kenyatta, na nchi ilipokuwa jamhuri akashuka tena ngazi, akawa balozi tu wa nchi yake kwenye mji uleule aliokuwa ameutawala. Aliingia akiwa mwenye nyumba, akaondoka akiwa mgeni, na katikati yake akawa rafiki wa yule aliyeitwa giza. Mtu aliyezoea kukaa kimya asubuhi nzima akimngoja ndege asiruke, naamini kuna kitu alikijua juu ya kusubiri ambacho wenzake hawakukijua.

John Stonehouse naye alianza kwetu. Mwaka 1952 hadi 1954 alifanya kazi Uganda na vyama vya ushirika vya wakulima Waafrika, na baadaye alifukuzwa Rhodesia kwa kuwatetea Waafrika. Akawa waziri. Biashara zake zikaharibika, na Novemba 1974 akaacha nguo ufukweni Miami ionekane amezama. Walimkamata Australia mkesha wa Krismasi, ana jina la marehemu wa jimboni kwake; polisi mwanzo walidhani ni mtu mwingine, mtuhumiwa wa mauaji aliyekuwa akitafutwa. Alihukumiwa miaka 7, na alipotoka akaandika riwaya mpaka alipokufa 1988. Namhurumia, na nawahurumia zaidi mkewe na watoto waliomlilia mwezi mzima. Yuko na Trebitsch Lincoln, Mhungaria aliyeingia bunge la Uingereza mwaka 1910, akaishia kuwa jasusi na mfungwa, kisha mtawa wa Kibudha Shanghai, ambako alifariki 1943. Huyo sina la kumsemea, maisha yake hayashikiki.

Nimalizie na watu wa gerezani na jikoni.

Jonathan Aitken alikuwa katika baraza la mawaziri. Mwaka 1995 alijiuzulu ili alishtaki gazeti, akisema atapigana kwa upanga wa ukweli. Ikathibitika mahakamani kwamba yeye ndiye mwongo. Mwaka 1999 akafungwa miezi 18 kwa kusema uongo chini ya kiapo, akatumikia karibu saba. Alipotoka akasoma teolojia, na mwaka 2019, akiwa na miaka 76, akapewa upadri wa Kianglikana. Kazi aliyoichukua ikawa kuwahudumia wafungwa gereza la Pentonville. Nimewahi kukalimani magerezani. Mlango wa chuma unapofungwa nyuma yako, hata ukijua utatoka baada ya saa moja, tumbo hushuka. Huyu alikuwa hana lazima ya kurudi kuusikia mlango ule.

Na John Profumo. Alikuwa Waziri wa Vita. Kabla ya hapo, mwaka 1957 na 1958, alikuwa waziri mdogo chini ya Lennox-Boyd katika Wizara ya Makoloni. Mwaka 1961 alijuana na binti wa miaka 19, Christine Keeler, ambaye pia alikuwa na uhusiano na ofisa wa ubalozi wa Kisovieti. Machi 1963 Profumo alisimama bungeni akakana. Juni akakiri kwamba alidanganya, akajiuzulu kila kitu. Ikambidi kuanza upya akiwa na miaka 48. Akaenda Toynbee Hall, nyumba ya hisani mtaa wa Commercial Street, Whitechapel, iliyoanzishwa 1884 kwa ajili ya maskini wa mashariki ya London. Clement Attlee alifanya kazi pale ujanani, kabla hajawa Waziri Mkuu; Profumo alifika baada ya kuanguka. Mlango mmoja, mmoja anaondokea, mwingine anaingilia. Husimuliwa kwamba alianza kwa kuosha vyombo na kusafisha vyoo. Hakulipwa, maana alikuwa na mali ya urithi. Alidumu pale miongo minne, akawachangishia fedha kwa kuwasumbua marafiki zake matajiri, na juu ya kashfa ile hakutamka neno hadharani mpaka alipokufa 2006. Malkia alimpa nishani mwaka 1975.

Mwaka 1999 nilimsindikiza pale mama mmoja wa Barawa, Somalia, mkimbizi, aliyekuwa na barua ya kutolewa katika nyumba yake. Jioni wanasheria wa kujitolea husaidia bure. Alizungumza Chimiini, Kiswahili cha kwao Barawa, ambacho mimi nilikuwa nakishika kwa shida, tukasaidiana. Mwanasheria akaisoma barua mara mbili, akaandika jibu, akampa nakala. Tulipokuwa ghorofa ya juu ya basi namba 25 kurudi, mama akaniuliza watu wale wanalipwa na nani, nikaona nimsimulie habari za Profumo. Nilisimulia kwa mapenzi yangu yote, kama nilivyowasimulia ninyi sasa: waziri, uongo, aibu, vyombo, nishani.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya bahasha yake. Kisha akauliza, "Na yule binti? Yeye walimpa kazi gani?"

Nikamwambia. Christine Keeler alisema uongo katika kesi nyingine, na Desemba 1963 akafungwa miezi 9. Alitoka, akaishi kwa kuhangaika, akitumia jina jingine, kwa sababu la kwake kila mtu alilijua. Siku ile tunapita Whitechapel na basi alikuwa bado hai, mwanamke wa miaka 57. Alifariki Desemba 2017, bila nishani.

Mama yule hakusema kitu. Alifungua bahasha, akaitazama tena ile nakala aliyoandikiwa, akaikunja vizuri, na tulipofika kituo chetu akashika nguzo akatangulia kushuka ngazi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.